Pemba na Maskati: Kilomita za Angani na Saa za Kungoja

Katika nyumba nyingi za Pemba, jina la Maskati hutajwa kana kwamba ni mtaa wa jirani. Wako wazee wenye ndugu huko, na wako watoto waliokwenda kutafuta riziki na wakajenga maisha yao huko. Uhusiano huo ulianza zama za majahazi. Ulizidi baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, watu wengi walipohama Visiwani, na ukaongezeka tena baada ya 1970, Sultani Qaboos alipotwaa madaraka ya Oman na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warejee. Hadi leo Kiswahili husemwa katika nyumba na masoko ya Maskati.

Simu huziunganisha nyumba hizo kwa nukta chache. Lakini mwili wa binadamu hausafiri kama sauti. Habari ya msiba ikitoka Wete alfajiri, mtoto aliyeko Maskati huipata kabla ya jua kuchomoza. Kwa desturi ya Kiislamu, maiti huharakishwa kuzikwa, na mara nyingi huzikwa siku ile ile. Je, mtoto huyo atayawahi maziko ya mzazi wake? Hapo ndipo swali lionekanalo kuwa la darasani, yaani Maskati iko mbali kiasi gani na Pemba, linapogeuka kuwa swali la maisha.

Swali hilo lina majibu matatu. La kwanza ni idadi ya kilomita. La pili ni idadi ya saa ambazo ndege huwa angani. La tatu ni idadi ya saa ambazo msafiri hutumia tangu kufunga mlango wa nyumba yake hadi kubisha hodi kwa mwenyeji wake. Majibu mawili ya mwanzo ndiyo yanayopatikana katika vitabu, katika majedwali ya mashirika ya ndege na katika mashine za kukokotoa. Makala haya yanashikilia kwamba jibu la tatu ndilo lenye kustahili kufundishwa na kuzingatiwa zaidi, na kwamba hesabu yenyewe, ikifanywa kwa ukamilifu, huthibitisha jambo hilo.

Umbali juu ya tufe

Yafaa kuanza na jibu la kwanza, kwa kuwa ndilo msingi wa mengine. Dunia ni mviringo, na njia fupi kuliko zote kati ya sehemu mbili za uso wake ni kipande cha duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha dunia. Mwanafunzi aweza kuliona duara hilo bila chombo chochote cha ghali. Achukue tufe la kufundishia jiografia, ashike uzi kwenye Pemba kwa kidole kimoja na kwenye Maskati kwa kingine, kisha auvute mpaka ukaze. Uzi uliokaza hujitafutia wenyewe njia fupi. Utapita baharini mbele ya Lamu, utakaribia Kismayu, utavuka ikweta, utakata nchi ya Somalia, utavuka Ghuba ya Aden, na kuingia Oman karibu na Salala kabla ya kufika Maskati.

Urefu wa uzi huo hupatikana kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Uwanja wa ndege wa Pemba, ulio karibu na mji wa Chake Chake, uko latitudo 5°15′ Kusini na longitudo 39°49′ Mashariki. Uwanja wa Maskati uko latitudo 23°36′ Kaskazini na longitudo 58°17′ Mashariki. Tofauti ya longitudo ni 18°28′. Kanuni husema hivi: kosini ya pembe inayotafutwa ni zao la sini za latitudo mbili, likijumlishwa na zao la kosini za latitudo hizo pamoja na kosini ya tofauti ya longitudo. Kwa kuwa Pemba iko kusini ya ikweta, latitudo yake huhesabiwa kuwa hasi. Zao la kwanza huwa −0.0366, na la pili huwa 0.8655. Jumla yake ni 0.8289, ambayo ni kosini ya takriban 34°.

Mabaharia waliurahisisha mwisho wa hesabu hii zamani. Kila digrii moja ya duara kuu ina maili 60 za bahari, na maili moja ya bahari ni kilomita 1.852. Basi digrii 34 ni maili 2,040 za bahari, au takriban kilomita 3,780. Hilo ndilo jibu la kwanza, na halina ubishi.

Hata hivyo, jibu hili lina mtego wake. Iko Pemba nyingine, mji wa bandari kaskazini mwa Msumbiji, ambao wakati wa Wareno uliitwa Porto Amélia. Nao una uwanja wa ndege, unaotambulishwa katika tiketi kwa herufi POL, ilhali uwanja wa Kisiwa cha Pemba hutambulishwa kwa herufi PMA. Viwanja hivyo viwili vimeachana kwa takriban kilomita 860. Anayeiuliza mashine umbali wa kutoka Pemba hadi Maskati bila kusema ni Pemba ipi, aweza kupewa kilomita 4,500 badala ya 3,780. Mashine haitakuwa imekosea hesabu, bali itakuwa imejibu swali ambalo muulizaji hakukusudia. Mwalimu afundishaye matumizi ya kompyuta angefanya vyema kuutumia mfano huu, kwani kuijua sehemu inayoulizwa hutangulia kuijua kanuni.

Saa za angani

Jibu la pili hutafutwa kwa kugawa umbali kwa mwendo. Ndege kubwa ya abiria ya injini za jeti huenda kwa mwendo wa kilomita 800 hadi 900 kwa saa ikiwa juu. Mwendo huo ni wake yeye na hewa inayomzunguka, ardhi haimo. Pepo zikimsukuma kwa nyuma, hufika mapema, zikimkabili, huchelewa. Kwa safari ya kilomita 3,905, ambao ndio umbali wa takriban kutoka Unguja hadi Maskati, mwendo wa kilomita 900 kwa saa hutoa saa 4 na dakika 20, na mwendo wa kilomita 800 hutoa saa 4 na dakika 53. Ukiongezwa wakati wa kupanda, wa kushuka na wa kutembea juu ya njia za uwanjani, safari hiyo huwa ya takriban saa tano.

Hapa pia wanafunzi wengi huteleza, kwa sababu ya saa za mahali. Saa ya Oman iko mbele ya saa ya Tanzania kwa saa moja. Ndege ikiondoka Unguja saa 4 asubuhi na kuruka kwa saa tano, itatua wakati saa za Maskati zinaonyesha saa 10 alasiri. Ikiondoka Maskati saa 4 asubuhi na kuruka kwa saa tano zile zile, itatua Unguja saa 8 mchana. Anayesoma tiketi bila kufikiri husema kwamba kwenda ni saa sita na kurudi ni saa nne. Kwa kweli safari zote mbili zina urefu mmoja. Kilichobadilika ni mahali pa kuisomea saa.

Kurudi nyuma ili kwenda mbele

Kwa mtu wa Unguja, majibu hayo mawili huenda yakamtosha. Kwa mtu wa Pemba, hesabu ndiyo kwanza inaanza. Uwanja wa Pemba ulijengwa ukiwa na njia ya kurukia yenye urefu wa takriban kilomita moja na nusu. Ndege ambazo kwa miaka mingi zimeihudumia ni ndege ndogo, nyingi zikiwa za injini moja na zenye kuchukua abiria wapatao kumi na wawili. Ndege ndefu ya jeti yenye mafuta ya saa tano huhitaji njia ndefu zaidi, hasa katika nchi ya joto, kwa kuwa hewa yenye joto ni nyepesi na huyapa mabawa nguvu ndogo ya kuinua. Kwa hiyo msafiri wa Pemba huchukuliwa kwanza hadi Unguja, kwenye Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume wenye njia ya takriban kilomita tatu, na huko ndiko hupanda ndege kubwa.

Unguja iko kusini-magharibi ya Pemba, kwa umbali wa takriban kilomita 125. Maskati iko kaskazini-mashariki. Basi msafiri huanza safari yake kwa kuipa mgongo Maskati. Jambo la kushangaza zaidi ni hili: anayekokotoa mwelekeo wa duara kuu kutoka uwanja wa Unguja kwenda Maskati hupata takriban digrii 31 mashariki ya kaskazini, na anayekokotoa mwelekeo kutoka uwanja wa Unguja kwenda uwanja wa Pemba hupata digrii 31 zile zile. Chake Chake imo ndani ya mstari wenyewe. Njia za anga zinazotumiwa na marubani hufuata alama zilizopangwa, na huenda zikaachana kidogo na mstari huo. Lakini kwa jiometri, njia fupi kutoka Unguja hadi Maskati hupita juu ya Pemba.

Maana yake ni kwamba msafiri wa Pemba hurudi nyuma kilomita 125, kisha huzirudia zote angani kabla ya kuanza kwenda mbele. Nyongeza ya umbali ni kilomita 250 kamili: safari ya kilomita 3,780 hugeuka kuwa ya kilomita 4,030. Hiyo ni nyongeza ya chini ya asilimia saba. Kwa mwendo wa ndege kubwa, kilomita 250 huchukua dakika 18 tu. Anayepima kwa kilomita atasema kwamba hasara ya mtu wa Pemba ni ndogo mno, na atafunga daftari lake. Hapo ndipo kosa lilipo.

Hesabu ya safari nzima

Ikichukuliwa safari ya mtu wa Wete ambaye kila kitu kimemwendea vizuri, saa zake huweza kupangwa hivi:

Kutoka nyumbani Wete hadi uwanjani: saa 1.
Kuripoti na kungoja ndege ndogo: saa 1.
Kuruka kutoka Pemba hadi Unguja: nusu saa.
Kungoja Unguja, pamoja na ukaguzi wa safari ya nje: saa 3.
Kuruka kutoka Unguja hadi Maskati: saa 5.
Uhamiaji na mizigo Maskati: saa 1.

Jumla ni saa 11 na nusu. Kati ya hizo, msafiri amekuwa angani kwa saa 5 na nusu, na amekuwa juu ya ardhi kwa saa 6. Yaani hata katika siku njema, zaidi ya nusu ya safari ya ndege si ya ndege. Zikigawanywa kilomita 3,780 kwa saa 11 na nusu, mwendo halisi wa msafiri huyu ni takriban kilomita 330 kwa saa, sawasawa na kwamba angepanda ndege ndogo ya injini moja na kwenda nayo moja kwa moja hadi Maskati.

Lakini siku njema si siku zote. Ndege ndogo ikichelewa, au ndege kubwa ikiwa imepangiwa kuondoka kabla ya ile ya Pemba kutua, au ikiwa siku hiyo haina safari ya Maskati, msafiri hulala Unguja. Saa 24 huongezeka, na jumla huwa saa 35 na nusu. Mwendo wake halisi hushuka hadi takriban kilomita 106 kwa saa, ambao ni mwendo wa gari katika barabara nzuri. Msafiri amelipia mwendo wa jeti na amepata mwendo wa gari.

Mfano wa nchi za nje waweza kulithibitisha jambo hili. Kuanzia 1976 hadi 2003 Uingereza na Ufaransa zilirusha ndege ya abiria iitwayo Concorde, ambayo ilikwenda kwa mwendo unaozidi maradufu ule wa sauti, zaidi ya kilomita 2,100 kwa saa. Hapana ndege ya abiria inayofanya safari za kawaida leo iliyo na kasi kama ile. Hata kama ndege ya namna hiyo ingewekwa kati ya Unguja na Maskati, na ikaruhusiwa kwenda kwa mwendo wake wote, ingekata njia hiyo kwa chini ya saa mbili na kumwokolea msafiri takriban saa tatu. Yule aliyelala Unguja angetumia saa 32 na nusu badala ya 35 na nusu. Kazi yote ile ya wahandisi wa mataifa mawili makubwa ingeokoa sehemu ndogo ya kile ambacho ratiba iliyopangwa vizuri ingekiokoa kwa kalamu na karatasi.

Funzo la majahazi

Wazee wa Pemba hawangeshangazwa na hesabu hii. Jahazi lenye mwendo wa maili tano za bahari kwa saa, likienda mchana na usiku bila kutia nanga, lingeikata njia ya maili 2,040 kwa saa 408, yaani siku 17. Safari halisi za kupita bandari kwa bandari zilikuwa ndefu zaidi, lakini bado zilihesabiwa kwa majuma. Pamoja na hayo, mtu aliyekwenda Uarabuni au aliyetoka huko hakuhesabu majuma, alihesabu misimu. Vyombo vilishuka kwa kaskazi, pepo zinazovuma kati ya Desemba na Machi, na havikuweza kurudi mpaka kusi lianze kuvuma karibu na Aprili. Aliyekosa msimu alingoja mwingine. Kilichoitenga Pemba na Maskati kilikuwa kungoja upepo kuliko upana wa bahari.

Injini iliukomesha utawala wa pepo za misimu, na watu wakadhani kwamba kungoja kumekwisha. Hakukwisha. Kulihama kutoka pwani na kuingia katika ukumbi wa uwanja wa ndege. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, nao hawakuwa wamewahi kuiona ndege.

Je, uwanja mkubwa ndio dawa?

Wako watakaojibu kwamba dawa ni moja tu: njia ya kurukia irefushwe, ndege kubwa itue Pemba, na mtu aondoke Chake Chake hadi Maskati bila kupita popote. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Kwa sensa ya 2022, Pemba ina zaidi ya watu 540,000, na mipango ya kuupanua uwanja wake imekuwa ikitangazwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kisiwa chenye watu wengi kiasi hicho kinastahili uwanja unaotosha.

Ila hesabu haina budi kufanywa hadi mwisho. Ndege ya viti 150 huhitaji abiria wa kuijaza. Ikichukuliwa kwa mfano tu kwamba abiria wa Pemba waendao Maskati ni 50 kwa juma, ndege hiyo ingejaa mara moja kwa majuma matatu. Shirika la ndege halirushi viti vitupu kwa muda mrefu. Basi msafiri angekuwa na ndege ya moja kwa moja ya saa tano, ambayo angeingoja siku ishirini. Hapo angekuwa amerudishiwa kaskazi na kusi kwa jina jipya. Urefu wa njia ya kurukia huondoa kizuizi cha fizikia, lakini hauondoi kizuizi cha hesabu ya abiria. Kwa sababu hiyo, hata baada ya uwanja kupanuliwa, watu wengi wa Pemba wataendelea kupita Unguja au Dar es Salaam kwa miaka mingi. Swali la kungoja halitakwepeka.

Kwa hiyo, bila kuzuia upanuzi wa uwanja, yako mambo yanayoweza kutangulia na ambayo hayahitaji saruji. Ndege ya asubuhi ya Pemba ipangwe kufika Unguja kwa wakati unaotosha kuiwahi ndege ya nje, na ile ya jioni ingoje ile inayotua. Tiketi iwe moja na mzigo uandikishwe mara moja, Pemba, ili msafiri asiuchukue na kuuandikisha upya Unguja. Viti vichache vya ndege ndogo viwekewe wenye dharura ya ugonjwa na ya msiba. Kila moja kati ya hatua hizi huokoa saa nyingi kuliko injini yenye nguvu zaidi.

Wala jambo hili haliwahusu waendao Maskati peke yao. Kutoka Pemba hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 190 angani. Ndege ndogo iendayo kilomita 300 kwa saa huzikata kwa dakika 38. Mgonjwa aliyepewa rufaa ya kwenda Muhimbili, akiambiwa kwamba hospitali iko umbali wa dakika 38, ameambiwa kweli; lakini kama kiti kilicho wazi ni cha kesho kutwa, hospitali iko umbali wa siku mbili. Maradhi hayasomi kilomita. Husoma saa.

Kazi inayozifaa shule

Lawama ya kuyaacha mambo haya isiwaendee wenye ndege peke yao. Elimu nayo ina sehemu yake. Katika madarasa mengi, hesabu ya umbali juu ya tufe hufundishwa kwa mifano ya miji ya mbali ambayo mwanafunzi hana ndugu ndani yake, na huishia pale kilomita zinapopatikana. Mwanafunzi hujifunza kugawa umbali kwa mwendo na kuandika jibu, kana kwamba abiria huzaliwa ndani ya ndege ikiwa angani na kufia humo. Akikua akawa mpangaji wa usafiri, huendelea kupanga kwa kanuni ile ile.

Shule za sekondari za Pemba na za Tanzania nzima zaweza kuanza kulirekebisha hilo kwa gharama ndogo. Walimu wa hisabati na wa jiografia washirikiane. Wanafunzi wapewe tufe na uzi, wapime, kisha wakokotoe na kulinganisha. Baada ya hapo watoke nje ya darasa. Wawaulize jamaa na majirani waliosafiri, kwenda Maskati, Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, na waandike katika jedwali lenye safu nne: kilomita za njia fupi, saa za kuwa ndani ya chombo, saa za kungoja, na saa za safari nzima. Safu ya kwanza igawiwe kwa ile ya mwisho, ili upatikane mwendo halisi wa msafiri. Wanaosafiri kwa meli na boti waingizwe pia, kwani hao ni wengi kuliko wa ndege, na nauli wanayoimudu ndiyo iliyowachagulia chombo.

Jedwali la namna hiyo, likikusanywa kwa mwaka mmoja na shule kadhaa, litakuwa kazi ya sayansi yenye manufaa. Litaonyesha ni katika kituo gani saa hupotea, katika miezi gani, na kwa wasafiri wa aina gani. Wapangaji wa ratiba wanaweza kubishana na malalamiko, lakini ni vigumu kubishana na vipimo vilivyoandikwa kwa uangalifu.

Kilomita 3,780 kati ya Chake Chake na Maskati hazitapungua hata moja. Ziliwekwa na umbo la dunia. Mwendo wa ndege nao umebaki karibu pale pale kwa miaka mingi. Saa za kungoja ndizo pekee katika hesabu hii zilizowekwa na watu, na kwa hiyo ndizo pekee ambazo watu waweza kuzipunguza. Mtoto wa Wete aliyeko Maskati huenda asiyawahi maziko ya siku ile ile hata mambo yakipangwa kwa ustadi wote. Lakini kufika jioni ya msiba, akakaa matangani pamoja na nduguze, si sawa na kufika siku ya tatu watu wakiwa wametawanyika. Tofauti kati ya mawili hayo haitokani na umbali wa Maskati. Hutokana na usiku mmoja wa kulala Unguja, na usiku huo unaweza kuondolewa.